Uzi: Figili za uani, kwa nini zako zinatoa majani matupu?

Bustani_Kira (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Mvua imeanza kushika huku Kira na kila uani ninapochungulia naona nakati, sukuma na nyanya. Sina ugomvi nazo. Leo nataka kuisemea figili, ambayo wengi wetu tunaiona pale soko la Nakasero imefungwa mafungu, nyekundu, bado ina matone ya maji, halafu tunapita zetu tukiamini hiyo ni ya mahoteli na ya Wahindi.

Figili ndogo ya duara inaota ndani ya siku tatu hadi tano, na wiki ya nne haijaisha unakula. Karoti itakukalisha miezi mitatu. Ile ndefu nyeupe ambayo Wahindi huiita muli inataka mwezi mmoja na nusu hadi miwili kutegemea aina, na hata hiyo bado ina haraka kuliko kabichi.

Lawama ninayosikia ni ileile: "Nilipanda, yakaja majani matupu." Mara nyingi mbegu haina kosa. Watu wanailea figili kwa taratibu za sukuma, na figili si sukuma ingawa ni ukoo mmoja.

Kwanza haina kitalu. Kinachovimba na kuliwa kinaanzia kwenye mzizi ule wa kwanza kabisa uliotoka kwenye mbegu, kwa hiyo ukihamisha mche ukaukunja au kuukata huo mzizi, mchezo umeisha. Unapanda palepale itakapovunwa. Tuta langu nalilima mpaka kina cha kiganja, natoa mawe na mabonge, kwa sababu ikigonga jiwe inapinda au inagawanyika miguu miwili. Navuta mfereji kwa kidole, kina cha sentimita moja hivi, usizidi moja na nusu. Naangusha mbegu mojamoja, nafukia kwa udongo mwepesi, namwagilia kwa kopo lililotobolewa ili maji yasizichimbue.

Majani mawili ya kwanza yakishafunguka, napunguza. Nyekundu naziachia vidole viwili kati ya mche na mche, nyeupe naziachia kiganja kizima. Nilizong'oa huwa sizitupi, zinaingia kwenye kachumbari ya siku hiyohiyo zikiwa na vimizizi vyake.

Karibuni, wenye maswali waulize, wenye kubisha wabishe.

Mama_Naalya

Afadhali umeanzisha huu uzi kaka. Majani yangu yalifika magotini, mazuri ajabu, jirani akaniuliza hii sukuma gani. Kung'oa, chini kuna kamzizi kama mkia wa panya! Na mbegu ilikuwa ya pakiti iliyofungwa vizuri, si ile ya kupimiwa kwa kijiko. Nini hicho?

Bustani_Kira

Pole dada. Niambie mambo matatu: umepanda wapi, umeweka mbolea gani, na ulipunguza miche?

Mama_Naalya

Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, udongo wake mweusi tii. Mbolea ni ya kuku, jirani anafuga broila ananipa bure, basi sikubania. Kupunguza ndiyo nini? Mbegu nimenunua kwa pesa, zimeota zote, halafu nizing'oe? Bambi!

Bustani_Kira

Nnyabo, umeshajijibu mwenyewe na hujui.

Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na kazi ya naitrojeni ni majani. Kwa sukuma na nakati ni sawa kabisa, unataka majani. Figili ukiishindilia naitrojeni haioni sababu ya kuweka akiba chini. Mboji iliyooza vizuri inatosha, na majivu ya kuni kidogo si mbaya. Tena usiweke samadi mbichi kwenye kitu utakachokila kibichi, hiyo unajitafutia tumbo la kuendesha.

Migomba nayo inakula jua. Figili inataka jua si chini ya saa sita kwa siku. Na zikibanana hivyo kila moja inahangaika kupanda juu itafute mwanga. Ung'oe tu dada, usizionee huruma. Mbegu za pakiti moja ni nyingi kuliko tuta lako.

Afande_Bombo

Mwanzisha uzi, usiwafundishe watu kwamba kivuli ni adui. Mimi mstaafu, nina muda wa kuangalia mimea yangu. Panda figili mahali penye jua kutwa mwezi wa kwanza uone. Inakuwa kali mpaka machozi yanatoka, halafu inapiga shina juu na kuchanua kabla haijavimba. Yangu iko upande wa mashariki wa nyumba. Inapata jua tangu asubuhi, saa saba saa nane ukuta unaifunika. Inatoka laini.

Bustani_Kira

Afande, hapo sikubishii. Kivuli cha kutwa ni kimoja, cha alasiri ni kingine. Figili kwao ni kwenye baridi, inapenda nyuzi 10 hadi 18 hivi za selsiasi, na sisi Kampala mchana tunagonga 27, 28 bila shida. Kwa hiyo tayari tunailazimisha. Ndiyo maana mimi napanda na mvua za Machi au za Septemba, kuna mawingu, udongo umepoa. Januari na Februari naiacha ipumzike.

Na jambo la pili ambalo watu hawalizingatii: kuchelewa kung'oa. Figili nyekundu haikungoji. Fukua kidogo kwa kidole pale shingoni. Ukiona bega limechomoza na upana wake umefika sarafu ya shilingi 500, ng'oa. Ukisema ngoja inenepe, wiki moja baadaye unaikata unakuta katikati pana vitundu vyeupe vikavu, unatafuna na husikii kitu.

Maji nayo yawe ya kila siku, kidogokidogo. Ukiiacha ikauke kisha ukaifurikisha, inapasuka ubavuni.

Muchomo_Ntinda

Mimi nauliza kwa heshima: mnaifanyia nini? Nilionja moja kwenye sahani ya hoteli, ikaniwasha ulimi, nikaishia kunywa maji. Hiki ni chakula cha wazungu wenye njaa ya kupunguza uzito.

Mwalimu_Kabale

Cha wazungu? Herodoto, yule Mgiriki aliyetembelea Misri zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliandika kwamba kwenye piramidi kubwa alisomewa maandishi yaliyohesabu fedha zilizotumika kuwanunulia wafanyakazi figili, vitunguu na vitunguu saumu. Iwe kweli au mkalimani alimdanganya, mambo ya figili yalikuwa Afrika kabla hoteli yako haijawekwa jiwe la msingi.

Muchomo_Ntinda

Mwalimu umenipiga na historia, lakini bado inawasha.

Bustani_Kira

Itawasha ukiila nzima kama tufaha, ssebo. Ukali wake una mpango. Ndani ya figili kuna vitu viwili vinakaa mbalimbali, na ukikata au kutafuna vinakutana, ndipo ule mwasho unapotengenezwa. Ni ukoo mmoja na ukali wa haradali. Mwingi uko karibu na ganda. Menya, kata vipande vyembamba vya kuonyesha upande wa pili, nyunyizia chumvi, acha dakika kumi, kamua maji. Ukali unapungua sana. Ukiipika ndiyo unakufa kabisa, inabaki utamu.

Sasa wewe mtu wa muchomo: nyanya, kitunguu, figili iliyokatwa hivyo, ndimu, chumvi, kamulali (pilipili ndogo kali) mmoja. Weka pembeni ya mbuzi mwenye mafuta. Ule mwasho unaoulalamikia ndio unaokata mafuta mdomoni. Jaribu kisha urudi hapa.

Na kweli sehemu kubwa ni maji, asilimia 95 hivi. Gramu 100 zina kalori kama 16 tu, ila vitamini C ipo ya kutosha. Hakuna anayesema uache posho (ugali) ule figili. Ni kitu cha pembeni ya sahani.

Shangazi_Jinja

Mnazungumza mzizi tu, majani mnatupa? Hasara hiyo. Majani ya figili yana vinyweleo, ukiyashika mabichi yanakwaruza, kwa hiyo watu wanadhani hayaliki. Vinyweleo vinaisha kwenye moto. Chagua machanga, katakata, yachemshe kidogo umwage maji ya kwanza kama hupendi uchungu. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, kisha mimina binyebwa (unga wa karanga) uliokwisha kuukoroga na maji ya moto. Punguza moto, uache utokote polepole mpaka mafuta ya karanga yaanze kuelea juu. Kwa matoke au posho, mtu hakuulizi ni mboga gani.

Nyeupe ile mimi nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi tuliyekaa naye mtaa mmoja hapa Jinja. Familia yao iliondoka 1972 wakati wa Amin, wakarudi baadaye. Anaparuza muli, anatia chumvi, anakamua kwa kitambaa mpaka inakauka kabisa, maana ikibaki na maji chapati inatoboka. Halafu anachanganya bizari ya jira, pilipili mbichi, giligilani, anaweka katikati ya donge la unga, anafunga, anasukuma polepole. Anakaanga kwa samli. Inaliwa na maziwa mgando. Yale maji yaliyokamuliwa hamwagi, anakandia unga.

Mama_Naalya

Shangazi, umenifanya nisikie njaa saa nne usiku. Kumbe lile pori langu chini ya migomba ni chakula!

Shangazi_Jinja

Ni chakula mwanangu. Chuma yale ya katikati tu, ya nje yameshakuwa magumu.

Biashara_Kwanza

Wakuu, twende kwenye mambo ya maana. Ekari moja ya figili, wiki nne, mara kumi na mbili kwa mwaka. Faida ni kiasi gani? Nina shamba Mukono.

Bustani_Kira

Mkuu punguza mwendo. Nani atanunua ekari nzima ya figili kwa siku moja? Kumbuka zinakomaa pamoja na hazingoji. Majani yanalegea jioni ileile, na mzizi ukiachiwa majani yake unanyonywa maji unakuwa teketeke. Hata ya nyumbani kata majani mara tu unapong'oa, weka mzizi kwenye chombo chenye unyevu.

Soko lipo, Nakasero na baadhi ya mahoteli na maduka makubwa, lakini wanataka kidogo na kila wiki. Tafuta mnunuzi kwanza, muulize anataka mafungu mangapi, ndipo upande mistari inayolingana. Nyumbani mimi nafanya vivyo hivyo: mstari mfupi mmoja, baada ya siku kumi mwingine. Ukipanda pakiti nzima siku moja utawagawia majirani mpaka waanze kukukwepa.

Biashara_Kwanza

Sawa, lakini ekari nusu?

Kijana_Pakwach

Nyie mnalia na nyuzi 28? Njooni huku kwetu kando ya Nile. Nyekundu huku ni kupoteza mbegu, inachanua tu. Kuna namna?

Bustani_Kira

Kijana, kwa huko jaribu aina nyeupe ndefu. Wahindi wana aina walizozalisha kwa ajili ya joto, mojawapo inaitwa Pusa Chetki, inavunwa ndani ya siku 40 hadi 45. Ukiipata, panda mvua zikiwa katikati, tandaza nyasi kavu juu ya tuta udongo usichemke, na mwagilia jioni. Na kusema kweli, kama haikutaka, huko una ufuta na mboga ya malakwang, hujapungukiwa.

Mwalimu_Kabale

Sisi huku Kabale figili haitusumbui, baridi tunayo ya kugawa. Shida yetu ni ardhi iliyochoka na kabichi. Kuna ugonjwa wa mizizi unaovimbisha mizizi ya kabichi na jamaa zake wote, unakaa udongoni miaka na miaka. Ukipanda figili palepale ulipotoa kabichi au sukuma, unaulisha. Tanguliza maharage au viazi mviringo, ukoo wa kabichi uurudishe hapo baada ya misimu kadhaa. Chokaa ya kilimo inasaidia kwenye udongo wenye uchachu, maana ugonjwa huo unapenda uchachu.

Dada_Namuwongo

Mimi nina kipande chembamba kando ya mfereji wa Nakivubo. Maji hayakatiki mwaka mzima. Nipande?

Bustani_Kira

Dada, hapana. Mfereji ule unabeba maji machafu ya mji mzima kuyapeleka ziwani. Figili inalala ndani ya udongo huo na wewe unaila mbichi. Kadhalika kando ya barabara kubwa na pale gereji walipomwaga oili. Chukua gunia au beseni bovu, toboa chini, jaza udongo safi uliochanganywa na mboji. Kwa nyekundu kina cha sentimita 15 kinatosha. Kile kituo cha kilimo cha KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) kule Kyanja wanaonyesha mambo haya ya magunia na masanduku, pita siku moja uangalie.

Bahati_Nakivale

Jambo ndugu zangu, nawasalimu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Plot yangu ni ndogo, na maji tunapanga foleni. Figili nimeipenda kwa sababu ya haraka, sitaki kumwagilia kitu miezi minne. Majani nachanganya na lengalenga (mchicha), watoto hawajui tofauti. Lakini majani yanatobolewa vitundu vidogovidogo vingi sana. Nikipitisha mkono juu, vidudu vyeusi vinaruka huku na huku, sivioni vimekwenda wapi. Dawa gani?

Afande_Bombo

Karibu Bahati. Hao wanaruka hata kivuli chako kikiwaangukia. Wanashambulia ukoo wote wa kabichi, na hatari yao ni mche ukiwa mchanga. Ukishakuwa mkubwa, vitundu kwenye majani havizuii mzizi kunenepa, acha wale. Asubuhi na mapema, umande ukiwapo, nyunyizia majivu makavu yaliyochekechwa. Mvua ikinyesha rudia. Ukiwa na kipande cha chandarua kilichochakaa, funika tuta tangu siku unapanda, kingo uzifukie.

Bustani_Kira

Naongezea kwa Bahati na wote: msipige dawa za dukani kwenye figili nyekundu. Dawa nyingine lazima zikae wiki mbili au zaidi kabla ya kula, na mmea wenyewe una wiki nne tu duniani. Hesabu haikubali.

Maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyo na sabuni, mwagilia jioni. Tandaza nyasi kati ya mistari. Hapo foleni inapungua.

Muchomo_Ntinda

Nimerudi. Jumamosi nilimwambia kijana wangu wa jikoni akate figili kama ulivyoeleza, na chumvi na kukamua. Tuliweka na mbuzi na gonja (ndizi za kuchoma). Wateja wawili waliacha, mmoja aliomba ya kuongeza mara mbili, mwingine akauliza kama ni kabichi. Sijasilimu, lakini nimelegea. Mbegu zinapatikana wapi kwa uhakika?

Bustani_Kira

Hongera ssebo, kulegea kunatosha. Maduka ya pembejeo yako mengi pale Container Village, mjini Kampala. Usichukue ya kwanza uliyoonyeshwa. Angalia pakiti imefungwa, tarehe ya mwisho haijapita, na haikukaa dirishani juani. Ukifika nyumbani, lowesha kitambaa, weka mbegu kumi, kunja, weka mahali penye joto la kawaida. Siku ya nne fungua. Zikiota nane au tisa, panda kwa amani. Zikiota tatu, rudisha pakiti.

Mama_Naalya

Mimi nimeng'oa zote chini ya migomba, majani tumekula na binyebwa, Shangazi ubarikiwe. Nimepanda upya kwenye tuta la mbele, mbolea ya kuku sikugusa. Nimepunguza pia, roho ikiniuma. Nne za zamani nimeziacha kwa sababu zimeshatoa maua, meupe yenye zambarau kidogo, nyuki wamejaa. Nikiziacha nitapata mbegu?

Mwalimu_Kabale

Utapata, ila angalia uzao wake. Nyuki hawachagui: kama jirani ana figili nyeupe imechanua, watoto watachanganyika. Na sukuma yako haitaingilia. Pia ile iliyochanua upesi kabla ya kuvimba ukiichukulia mbegu, unazalisha ukoo wa kuchanua upesi. Mbegu ichukue kwenye ile iliyonenepa vizuri ikachelewa kuchanua.

Shangazi_Jinja

Hizo nne usizitupe. Vikonde vyake (maganda machanga ya mbegu) vikiwa bado vya kijani na vinavunjika kwa kishindo, vichume. Vinaliwa vibichi na chumvi, au unavikaanga haraka na kitunguu na binzari. Wahindi wanavipenda sana. Vikianza kuwa na nyuzi umechelewa.

Mama_Naalya

Kwa hiyo majani, mzizi, na vikonde. Na mimi nilikuwa nafikiria kumpa mbuzi wa jirani.

Bustani_Kira

Mbuzi naye atakula, ila mpe yale majani ya nje. Afande, kesho ukipata nafasi tuwekee picha ya tuta lako la mashariki, kuna watu wananiuliza pembeni jinsi ya kulielekeza. Na Mwalimu, ile chokaa unaweka kiasi gani kwa tuta la mita moja kwa tatu?

Mwalimu_Kabale

Inategemea udongo. Pima uchachu kwanza, usimwage kwa kukisia. Chukua udongo sehemu tano za shamba, changanya, upeleke maabara ya Kawanda.